Alama ya Ukucha Kwenye Gundi

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sote tulimwita Papa, hakuwa na kucha kwenye vidole gumba. Zilikufa moja baada ya nyingine kwa miaka ya kushika gundi bila glavu, na ngozi iliyobaki pale ikawa ngumu kama kisigino. Kwa hiyo ukucha uliopima kazi zote za karakana yetu, pale mto Lukuga unapotoka ziwani, ulikuwa wangu. Sisi watengenezaji wa boti za faiba tuna desturi moja: gundi ikionekana kavu, unaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiacha alama, bado. Usipoacha, boti irudi majini. Yeye aliniita tu, "Bonyeza," mimi nikabonyeza na kusema, na neno langu likawa lake mbele ya mwenye boti.

Hiyo ndiyo heshima pekee aliyonipa kwa miaka saba. Kiraka changu cha kwanza, nilichokiweka peke yangu kwenye boti ya wavuvi wa Zongwe, alikibandua kwa patasi mwenye boti akiangalia. Hakikuwa na kosa lolote. Akaweka chake palepale, akasema, "Sasa hii njo kazi ya muntu." Wanaume wa karakana wakacheka, nami nikaokota vipande vyangu kwa mikono iliyojaa vumbi la faiba, linalowasha kuliko upupu. Nilimchukia. Sitasema kwamba moyoni nilimheshimu, kama watu wanavyopenda kusema umri ukishasogea. Nilimchukia, na kila asubuhi nikaendelea kumsalimu kwa mikono miwili.

Kisha ikaja habari ya roketi. Shule moja ya ufundi hapa Kalemie ilikuwa inafungua atelier, karakana ya kufundishia kazi ya faiba, na prefe, mkuu wa shule, alitaka siku ya kufunga mwaka wazazi waone kitu wasichoweza kukisahau: roketi ndefu kuliko mtu, ya mabomba ya faiba, itakayoruka kweli. Fundi mmoja kutoka Lubumbashi alileta mabomba, mabawa manne, parashuti na injini. Ruhusa ya kurusha prefe aliiomba mwenyewe kwa wakubwa wa mji. Yaliyobaki yalikuwa ya gundi, ndipo wakatuita sisi wawili. Prefe hakuficha: mmoja wetu, kazi ikienda vizuri, angekuwa mwalimu wa atelier.

Papa aliitaka ile nafasi kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mapafu yake yalikuwa yamechoka na vumbi, akipanda ngazi ya boti unamsikia kabla hujamwona, na mwenye karakana alikuwa ameanza kuongea na mafundi vijana. Mimi niliitaka kwa sababu nilikuwa nimechoka naye.

Mezani kulikuwa na gundi za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya sokoni, mirija miwili midogo, inakauka kwa dakika tano. Fundi wa Lubumbashi aliipenda kwa haraka yake. Papa akaisukuma pembeni kwa kiwiko. "Hii ni ya viatu. Moto ya injini ikiifikia, italegea." Ya pili ilikuwa dawa yetu ya boti, ile ya kulowanishia faiba. Akainusa, akaiacha: hiyo haishiki vizuri bomba lililokwisha kukauka zamani kiwandani. Ya tatu ni epoksi ya mikebe miwili, nzito, inayotaka siku nzima bila kuguswa. Akaichukua hiyo. Alichagua vizuri, na nataka hilo lieleweke, maana waliomcheka baadaye walisema hakujua gundi.

Kusoma hakujua. Akanipa mkebe. "Soma, mama."

Nikasoma. Mkebe mkubwa vipimo viwili, mdogo kimoja. Piga msasa kwanza, futa vumbi, paka, subiri mpaka kesho. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: usizidishe mkebe mdogo kwa kutaka haraka, ukizidisha haitakauka kamwe. Sikuwa nimepanga chochote. Niliuona mstari ule, nikamwona yeye akijiweka sawa kofia karibu na prefe kama mtu aliyekwisha kupewa kazi, nikaufunga mdomo kabla sijausoma.

Mtu yeyote wa boti wa hapa Kalemie angefanya alichofanya. Dawa yetu ya boti, kukiwa na baridi, unaiongezea matone ya kukaushia na inakaza mbio; hayo tunarithishana kama jina la babu. Na asubuhi ile ilikuwa ya kiangazi, majira ambayo asubuhi zetu ni za baridi, upepo wa ziwa unaingia hadi mifupani, na kurusha ni kesho yake mchana. "Kwa hii baridi," akasema, "tuongeze ya mukebe mudogo." Akamimina. Mimi nilishika bawa lisimame wima.

Kesho yake akaniita kama kawaida. "Bonyeza."

Nilibonyeza kwenye maungio ya bawa la tatu. Ukucha ukaingia, ukaacha alama iliyopinda, safi kabisa.

"Imekauka, Papa."

"Kweli?"

"Imekauka."

Akaridhika. Alikuwa hana ukucha wa kuhakikishia.

Tulirushia kwenye uwanja mtupu nje ya mji, wazazi wamewekwa mbali nyuma ya kamba. Roketi ilipanda vizuri, ikapita vichwa vya michikichi, watu wakaanza kupiga vigelegele. Hapo bawa la tatu likang'oka. Roketi ikapinda, ikajizungusha, ikaanguka kwenye shamba la mihogo na kuvunjika vipande. Parashuti ilitoka roketi ikiwa imeshafika chini. Baba mmoja akasema kwa sauti, "Papa, hiyo ni boti, ulisahau kuiweka mu maji," na uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha.

Alikwenda mwenyewe mihogoni, polepole, akirudisha pumzi kila hatua chache, akarudi na lile bawa. Alipitisha kidole juu ya gundi, hakusikia kitu. Akaliinua karibu na macho, akaiona alama ya ukucha. Kisha akanishika mkono mbele ya wote, kama unavyomshika mtoto kumtafuta mwiba, akaulaza ukucha wangu juu ya ile alama. Ulikaa sawasawa. Wengine hawakuelewa alikuwa anafanya nini. Mimi nilitamani anipige kofi.

Prefe akafika. "Papa, ilikuwa nini?"

"Dawa nilizidisha miye," akasema. "Huyu mama aliniambia bado haijakauka, sikumusikia. Mumupatie kazi. Yeye anajua."

Prefe akanitazama, akisubiri nisahihishe au nishukuru. Nilishukuru.

Tulipobaki wawili, Papa aliniwekea bawa mkononi. Hakuwa amekasirika usoni, na hilo lilinitisha. "Kazi umepata," akasema. "Lakini usinisalimie tena."

Nina miaka sasa kwenye ile atelier. Wanafunzi wangu nawafundisha kubonyeza kwa ukucha, nawaambia, ukiona alama, sema, hata kama anayekuuliza humpendi. Wananiangalia, hawajui maneno hayo yanatoka wapi. Papa bado yuko Lukuga, viraka viwili vitatu kwa mwezi. Tunakutana sokoni, siku za kwanza nilimsalimu kwa mikono miwili, akanipita kama anayepita nguzo. Nimeambiwa hakuchukua msaidizi mwingine. Gundi yake siku hizi anaibonyeza kwa ncha ya msumari, na hamwiti mtu.