Fonti Niliyoifuta

Kompyuta yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito. Kila nilipofungua orodha ya fonti nichague mwandiko wa kadi au wa ratiba ya ibada, iliganda kwanza, kisha jina lilelile likajitokeza mara mbili, mara tatu. Nilijua zilikotoka. Kwa miaka mingi rafiki yangu mwenye duka la stesheneri Hedaru alikuwa akinipa fonti kwenye flashi, nami naziingiza zote bila kuchambua. Basi mchana mmoja, joto la Same limenifungia sebuleni na wateja hawapo, nikaamua kusafisha. Penye mbili zenye jina moja nilibakiza mpya, nikafuta ya zamani. Nilipomaliza nikamwaga hata pipa la taka la kompyuta. Nilijisikia kama mtu aliyefagia uwanja wote peke yake.

Siku ya nne alinipigia simu mama mmoja wa Myamba. Miaka saba nyuma yeye na mumewe walikuja kwangu baada ya kufiwa na binti yao, niwatengenezee herufi za msalaba. Kazi yenyewe ni hivi: nachapa jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, nakata kila herufi kwa wembe, kisha fundi analaza karatasi juu ya saruji kabla haijakauka na kufuatisha. Siku ile yule baba alivuta kiti karibu nami, tukapitia fonti moja baada ya nyingine mpaka akagusa kioo kwa kidole.

"Hizi," alisema. "Zina miguu. Zinasimama." Alimaanisha vile vimstari vidogo kwenye ncha za herufi.

Sasa na yeye alikuwa amefariki.

"Pole sana, mama," nilimwambia mkewe.

"Tumeshapoa, mwanangu. Msalaba wake tunausimika Jumamosi ya wiki ijayo. Naomba zile herufi alizochagua mwenyewe. Makaburi yako jirani, sitaki yatofautiane."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Faili ninalo."

Faili lilikuwepo kweli. Nilipolifungua, jina la binti lilikuwa mahali pake, na jina la fonti juu yake lilikuwa lilelile. Herufi ndizo hazikuwa zile. Zilikuwa nyembamba, zimenyooka kama vijiti, hazina mguu hata mmoja. Nililifunga, nikalifungua tena. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Ndipo nilipoelewa kwamba fonti mbili zaweza kuitwa jina moja zisiwe kitu kimoja, na kwamba mimi nilikuwa nimefuta ile iliyotakiwa.

Nikampigia rafiki yangu wa Hedaru.

"Ile kompyuta iliungua zamani, dada," alisema. "Sina hata moja."

Nilitafuta mtandaoni kwa jina hilo. Kila nilipoingia nilikutana na vile vijiti. Nikarudia siku mbili nzima. Nilijiambia nitumie nyembamba tu, nani atakayepima herufi makaburini? Kisha namwona yule baba na kidole chake kwenye kioo. Nikianza kumpigia simu mama nimweleze, nakata kabla haijaita.

Jumanne nikafunga mlango, nikachukua karatasi, penseli na rula, nikapanda basi. Njia nzima baada ya kupita kijiji cha Kisiwani nilikuwa napanga maneno, na nilipofika Myamba sikukumbuka hata moja.

Nilimkuta nje ya nyumba anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta herufi?"

"Sijaleta, mama. Nimezifuta." Nilibaki nimesimama. "Zilikuwa fonti mbili zenye jina moja. Nikadhani ni kitu kimoja, nikaondoa moja."

Mikono yake ilitulia juu ya ungo.

"Watu wawili wakiitwa jina moja," aliuliza, "unamfukuza mmoja?"

Akaweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na kipande cha mkaa.

"Twende," alisema. "Kaburi lipo. Hilo hukulifuta."

Nyuma ya migomba, msalaba wa binti ulikuwa bado imara. Niliweka karatasi juu ya maandishi, mama akaishikilia kwa mikono miwili upepo usiichukue, nami nikasugua mkaa juu yake. Herufi zikajitokeza moja moja, na miguu yake. Jina la baba lilikuwamo ndani ya jina la binti, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa pale. Lililopungua ni jina la ukoo, ambalo binti hakuandikiwa, na lilikuwa na K na Z ambazo sikuweza kuzipata popote kwenye ile saruji.

Hizo mbili nilizibuni mezani kwa mama, yeye amekaa mbele yangu. K ilinipa shida, ikakubali. Z niliifuta na kuichora mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

"Inatosha," alisema mama. "Usije ukaimaliza."

Jumamosi ile nilisimama nyuma ya watu. Mchungaji aliomba, wakaimba, mimi macho yangu yako kwenye Z tu. Katika saruji ilionekana imeinama zaidi kuliko kwenye karatasi. Kila mtu aliyesogea kuweka ua nilihisi ameiona. Ibada ilipokwisha mama alinijia, akanishika mkono, tukasogea pamoja hadi msalabani. Akaitazama kwa makini.

"Hii imelala kidogo," alisema.

"Nimeiona, mama. Nisamehe."

"Mwenyewe alikuwa akitembea hivyohivyo, tangu aanguke na pikipiki." Akaniachia mkono, akaanza kuwaita wageni waje kunawa, chakula kiko tayari.