Mkataba wa Uani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, lakini joto halikupungua.

Mwalimu wa historia, ambaye wanafunzi humwita Karne, alirudi nyumbani mchana akiwa hoi. Amefundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Dola ya Warumi ameiangusha kila mwaka, Napoleoni amempeleka Urusi na kumrudisha kwa miguu, na sauti yake sasa imebaki ya kukwaruza. Siku hizi akisimama ubaoni hushika meza kwanza.

Nyumba anayokaa ni ya urithi. Nusu ni yake, nusu ya mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, na ua wanautumia pamoja. Mwezi wa sita waligombana kwa sababu ya vyuma chakavu vilivyozagaa hadi mlangoni pa mwalimu. Shangazi yao akawaita wapatane. Mwalimu alifika na masharti tayari kichwani: vyuma vihamishiwe nyuma ya choo, mashine izimwe saa kumi, na fundi aombe radhi mbele ya wapangaji, akiri kwamba kosa lote ni lake. Mwalimu mwenyewe alikuwa amemwita mdogo wake mwizi wa urithi, ila hilo halikuguswa. Shangazi alikuwa mgonjwa na fundi hakutaka kumchosha. Akakubali kila kitu.

Tangu siku hiyo alitimiza yote bila kukosea. Saa kumi mashine kimya. Salamu nazo kimya. Watoto wake wakaacha kuja kwa baba mkubwa kutazama televisheni. Jumanne hiyo mke wa mwalimu alimpokea na habari kwamba fundi ameleta mtu anayetaka kununua nusu yake. Mtu huyo ameshakagua vyumba, na Alhamisi anarudi kuandikishana.

Mwalimu alisema na aende, watu wapumzike. Chakula hakukimaliza.

Jioni alikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha. Macho yalimuuma, kwa hiyo mkewe alimsomea, yeye akitoa alama. Swali lilikuwa kwa nini Mkataba wa Versailles haukuleta amani ya kudumu. Majibu yalifanana, kwa kuwa yalikuwa maneno yake mwenyewe ya darasani. Aliyeshindwa hakuitwa kujadiliana. Alibebeshwa lawama peke yake. Alitia saini kwa kukosa njia, si kwa kuridhika.

Mkewe akaishusha karatasi.

"Huyu mtoto anamsema shemeji yangu?"

"Anawasema Wajerumani."

"Aa. Basi mpe alama zake."

Wakaendelea. Kila alipofika kwenye neno lawama, mama huyo alikohoa kidogo, mpaka mumewe akamwomba aache. Kalamu ilibaki hewani. Mwalimu alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kujitetea hakuweza. Alisema tu kwamba wale wa Versailles angalau hawakunyonya ziwa moja. Mkewe akamkumbusha kwamba Alhamisi ni keshokutwa, akachukua karatasi nyingine.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda shule, mwalimu alizunguka nyuma ya choo akiwa na shati lake la kazini, akaanza kubeba vyuma kimoja kimoja kuvirudisha uani. Fundi alitoka na mswaki mdomoni, akasimama kumtazama. Mwalimu alimwambia, bila kuacha kazi, kwamba neno mwizi lilitoka kinywani mwake yeye, na kwamba jioni ataliombea radhi mbele ya wapangaji walewale. Habari za mnunuzi hakuzigusa.

Mwalimu alipoinamia geti bovu lililokuwa kati ya vyuma hivyo, fundi akatema povu.

"Hilo geti zito, kaka. Litakuvunja mgongo. Shika huku."

Walilinyanyua pamoja, wakapumzika katikati ya njia, wakalinyanyua tena. Mwalimu alichelewa kipindi cha kwanza.