Ubani wa Mama Tsofa

"Mama Tsofa, mbona wafunga dirisha ukichoma ubani?" aliuliza Mercy, mtoto wa jirani pale Tononoka.

"Umetumwa na nani?"

Mama Tsofa hakuwa na shaka: pumu ya mwanawe ilikuwa jicho la husuda la Nasipwondi wa mlango wa pili, aliyezoea kumsifu mtoto mashavu. Kila Tsofa akikohoa, mamake alimfukiza. Muuguzi alipomwambia moshi ndio unaomziba kifua, alinong'ona, "Huyu naye katumwa." Lakini juma lile ubani ulipomwishia, Tsofa alilala kifua kimya.

Mercy alipofika sekondari, alirudia swali lile.

"Nalimfungia hasidi nje, mwanangu, kumbe nimemfungia mtoto ndani na moshi. Lakini yule Nasipwondi, bado simwamini."