Msikilizaji mmoja, Butimba

Leo nimesoma hadithi yangu mbele ya mtu mmoja tu, na wala hakuja kuisikiliza.

Si mnakumbuka nilitangaza kikao cha kusomeana hadithi hapa Butimba, saa nane mchana? Nikakodi viti kumi na viwili. Nikavipanga mwenyewe.

Saa tisa, kimya.

Meseji zikaanza. "Samahani kaka, nimepata dharura." Nyingine: "Hali yenyewe unaiona."

Naiona. Tangu vurugu za uchaguzi, watu wanaogopa hata kukaa watano pamoja.

Saa kumi akaja mama mwenye viti kuvichukua.

"Shikamoo, mama. Hawajaja."

"Marahaba." Akaziangalia karatasi mkononi mwangu, akakaa. "Basi nisomee mimi."

Ni hadithi ya kijana aliyetoka nyumbani siku ya vurugu, mama yake anamsubiri. Nilisoma kwa kusitasita kama mtoto wa darasa la kwanza, jamani.

Nilipomaliza akauliza, "Sasa huyo mtoto alirudi?"

"Sijaandika bado, mama. Nimekwama hapo."

Akainuka, akaanza kukusanya viti.

"Wangu mpaka leo sijamwona. Huyo wa kwako mrudishe."

Nilimsaidia kupakia viti kwenye bajaji, akaondoka.

Tangu hapo niko mezani peke yangu, naandika. Nimefika pale kijana anapogonga mlango.

Ambao hamkuja, siwalaumu. Niambieni tu: mama yake akifungua, aanze kumwambia nini?