Suruali Yangu Ilivyonigeuka

Likizo iliyopita, suruali yangu ya shule ilianza kupungua yenyewe.

Msicheke. Nilitoka nayo bweni ikinipwaya. Wiki ya pili, kifungo kikawa kinafika kwa kubembelezwa. Wiki ya tatu, nalala chali ndipo nifunge zipu.

Ila nianze na dhambi yangu.

Dada yangu ni fundi cherehani, ana miaka ishirini na sita, na ana mwili. Wa kutosha na wa akiba, husema mwenyewe. Shida ilikuwa ngazi. Karakana yao ilikuwa inahamia ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na dada akipanda vidato kumi tu husimama, akijifanya anatafuta kitu mkobani.

Mama mwenye karakana alimwambia kwa upole, "Mwanangu, ukishindwa sitakulaumu. Nitatafuta fundi mwingine."

Muda: mwezi mmoja.

Dada akanunua mizani, akaiweka bafuni, akaapa kutembea kila asubuhi.

Nami, kwa uso wa ibada, nikageuza kile kigurudumu cha chini ya mizani. Kilo nne juu. Nikasimama mlangoni kusubiri kelele.

Dada akashuka mizani taratibu.

Akatoka. "Bwana mdogo, mizani inasema nimeongezeka."

"Pole, dada. Labda ni hewa."

"Labda."

Akavaa raba, akafika getini, akachungulia barabarani, akarudi ndani. Kesho yake vilevile. Geti, kuchungulia, ndani.

Ndipo suruali ikaanza vituko. Na kule bweni ukirudi na suruali isiyofunga, unaitwa Gunia mpaka umalize shule.

"Dada, mbona inanibana?"

Alinikagua kiuno kama daktari mwenye habari mbaya. "Unanenepa, mdogo wangu. Ni ya ukoo hii. Vaa raba twende."

Tukaenda. Siku ya kwanza mpaka kona, ya kumi mpaka sokoni na kurudi. Kijana mmoja wa pikipiki akauliza kama barabara imefungwa upande mmoja.

"Imefungwa," nikamjibu, "wanapita watu wenye shughuli."

Dada alicheka mpaka akashika nguzo.

Jioni ananifulia suruali, anaipiga pasi. Nikamwona malaika.

Siku ya kuhama ikafika. Dada alipanda akisimulia habari za wateja, akapumzika mara moja tu, ghorofa ya pili, na mkoba hakuugusa. Mimi nilifika nyuma yake nikihema, nimebeba kichwa cha cherehani, kifungo kikiomba msamaha.

Akachukua mkasi. "Geuka."

Akafumua mshono wa kiunoni. Suruali ikashusha pumzi. Nami pia.

"Nilikuwa naipunguza kila nikiifua," akasema. "Kidogo kidogo."

"Dada! Kwa nini?"

"Ulinipa kilo nne kwa siku moja. Kazi yangu kupima viuno vya watu, nitashindwa kukijua changu?"

Akakunja futi yake ya kupimia taratibu.

"Halafu nilikuwa naona aibu kutembea peke yangu. Ningekuomba, ungenicheka."

Mimi, bingwa wa majibu bweni zima, nikainama kuokota nyuzi alizofumua.

Mizani bado iko bafuni, tumeiwekea ndoo juu. Dada hapimi kilo siku hizi, anahesabu vidato.

Funzo kwa wachokozi wenzangu: ukimwona dada yako amesimama getini na raba mguuni, usiulize amepungua kilo ngapi. Vaa zako utoke naye.

Na suruali yako, fua mwenyewe.