Mkahawa wa Wageni, Wattayah

Mkahawa wa Sleyum ulikuwa na kibao cha Kiarabu juu ya mlango, lakini jina lililoandikwa pale hakuna aliyelitumia. Watu wa mpira waliuita mkahawa wa wageni. Ulikuwa Wattayah, mjini Muscat, nyuma ya barabara kubwa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani, na siku za mechi za ligi ulijaa watu waliotoka mbali kuifuata timu yao: watu wa Ibri, watu wa Nizwa, watu wa Suhar, na zaidi ya wote, watu wa Sur.

Mashabiki wa timu za Muscat hawakupenda. Walikuwa wakipita mlangoni wakaona bendera za wapinzani zimetundikwa kwenye viti, ngoma zimesukumwa chini ya meza, wakampigia kelele.

"We Sleyum, wewe wa huku au wa kwao?"

"Nyinyi mna majumba yenu hapa," akiwajibu huku anacheka. "Hawa watakula wapi?"

Hakuwa akifanya mzaha. Sleyum alizaliwa Tabora, akaja Oman mwaka 1975 akiwa kijana, na siku zake za mwanzo aliingia mkahawa mmoja Matrah akaagiza chai kwa Kiarabu alichofundishwa chuoni, Kiarabu cha msahafu na vitabu vya fiqhi. Watu wote wakageuka. Mmoja akayarudia maneno yake kwa kuyavuta, wenzake wakaangua kicheko, na Sleyum akatoka na kiu yake. Baadaye, alipojuana na Waomani waliotoka Zanzibar, nao walimcheka Kiswahili chake cha bara. Hata Mahfoudha, binti wa Unguja ambaye baadaye Sleyum alimwoa, alikuwa akimcheka, ingawa yeye alikuwa akimcheka kwa mapenzi. Miaka mingi Sleyum alifanya kazi ya bohari serikalini, na alipostaafu mapema, mwaka 1991, alimwambia mkewe kwamba anataka kufungua mahali ambapo mtu mgeni akiingia hatazamwi usoni.

Mahfoudha akampikia. Mkahawani alikuwapo mpishi wa Kihindi, mtu wa Kerala, aliyetengeneza chai na chapati na mayai, lakini siku za mechi vyakula vyenyewe vilitoka nyumbani kwao Ruwi: sambusa, kachori, mishkaki iliyolala na ukwaju, na timu ya mbali ikicheza, pilau. Sleyum alivileta kwa gari yake ndogo, sufuria zimefungwa kwa mashuka, madirisha yakafanya ukungu. Mpira wenyewe hakuujua sana. Mara nyingi aliuliza nani kashinda baada ya wageni kurudi na kukaa.

Katika watu wa Sur, aliyekuwa karibu naye kabisa ni Salem, mwalimu wa shule, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ndiye aliyepiga ngoma kubwa na kuanzisha nyimbo. Mama yake Salem, Bi Kheiria, alilelewa Unguja kabla ya kurejea Sur, na Salem alikisema Kiswahili chake vilevile, kwa lafudhi ya Malindi ya mjini Unguja. Mara ya kwanza alipomsikia Sleyum akimwita mpishi kwa Kiswahili, aliweka kikombe chini akasema, "Ami, wewe wetu!" Tangu siku hiyo hakuna mechi iliyompita bila ya kuingia mkahawani. Aliingia kabla ya mchezo kunywa chai, akaingia baada ya mchezo kusimulia. Timu yake ikifungwa alisimulia zaidi.

Alhamisi moja ya baridi, mwaka 1998, watu wa Sur walikuja kwa basi dogo ambalo Jaifar, mdogo wake Salem, ndiye aliyeliendesha. Timu yao ilikuwa imepoteza mechi nyingi mfululizo. Siku hiyo wakashinda, tena kwa goli la dakika za mwisho, na walipotoka uwanjani baada ya magharibi walikuja Wattayah kwa miguu wakiimba, sauti zimekauka. Salem alisimama mlangoni hakuketi.

"Ami Sleyum, leo chai tu, kisha tunaondoka. Nimemuahidi mama nitawahi."

"Mmeshinda, halafu mnywe chai muondoke?" Sleyum alisema. "Mahfoudha kapika pilau ya mbuzi. Iko moto."

"Wallahi njia ndefu, ami."

"Njia haikimbii, Salem. Kaa."

Salem akamtazama Jaifar, Jaifar akainua mabega. Wakakaa. Wakala pilau, wakala mishkaki, ngoma zikatolewa chini ya meza, na hata wapita njia wa Muscat, waliokuwa wamefungwa siku hiyo, walisimama nje wakicheka. Salem alimvuta Sleyum katikati, wakacheza bega kwa bega, Sleyum na kanzu yake ya jikoni yenye madoa ya bizari. Adhana ya isha ikalia, wakaswali, wakarudi kumalizia chai. Walipoondoka, Salem alitoa mkono dirishani akaupiga ubavu wa basi kama anapiga ngoma, mpaka basi likapinda kona.

Wakati ule barabara ya Sur ilipita bara, kwa Ibra, safari ya saa nyingi, na sehemu kubwa ilikuwa haina taa. Mbele ya Ibra ngamia alikuwa amesimama katikati ya njia. Jaifar alimwona wakati ameshamfikia. Basi lilipinduka. Watu watatu walikufa, Salem akiwa mmoja wao, na Jaifar alivunjika mguu na nyonga.

Sleyum alipata habari asubuhi ya Ijumaa. Alikwenda mkahawani kuchukua sufuria za mkewe, akamkuta askari mmoja wa Sur aliyekuwa akiishi Ruwi anamngoja mlangoni. Askari alimwambia kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto. Sleyum alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaingia ndani. Alipochelewa kurudi nyumbani, Mahfoudha alipanda teksi akaja kumtafuta, akamkuta amekaa jikoni, sufuria ya pilau mbele yake, ukoko umeganda pembeni.

"Mimi ndiye niliyewaweka," alimwambia. "Walitaka kwenda zao."

"Usiseme hivyo, baba Nasriya. Siku yake ilikuwa imefika."

"Walitaka kwenda zao, Mahfoudha."

Siku ya pili walikwenda Sur kuhani msiba, yeye na mkewe na binti yao Nasriya, ambaye ndiye aliyeendesha kwa sababu baba yake hakutaka kushika usukani. Walipita pale mahali. Vioo vilikuwa bado vimetapakaa mchangani, vinameta.

Wanaume walimpokea Sleyum vizuri, wakamkalisha, wakampa kahawa. Wengine walikuwamo katika basi, mmoja amefungwa bendeji kichwani, akambusu bega. Kisha alikuja mtu kumwita: Bi Kheiria anataka kumwona mtu wa Wattayah.

Alimkuta amekaa chini kwenye mkeka, amejitanda leso, macho yamekauka. Mahfoudha alikuwa ubavuni kwake, amemshika mkono.

"Karibu, mwanangu," Bi Kheiria alisema. "Salem akikutaja kila siku. Kila siku Ami Sleyum, Ami Sleyum. Nambie, alikula?"

"Alikula, mama."

"Alikula nini?"

"Pilau. Na mishkaki. Alikula sana."

"Alhamdulillah. Nlikuwa nnafikiri kafa na njaa." Akaukuna mkeka kwa kidole. "Na waliondoka saa ngapi huko? Yeye akiniambia atawahi, huwahi."

Sleyum alikitazama kidole kile. Angeweza kusema lolote.

"Baada ya isha," alisema.

"Baada ya isha," Bi Kheiria akarudia.

Aliivuta leso yake mbele akatazama ukutani, na baada ya muda Mahfoudha alimfanyia mumewe ishara kwa macho kwamba atoke.

Hakuna mtu wa Sur aliyemlaumu, si siku ile wala baadaye. Pengine lau wangemlaumu angejua la kujibu. Aliporudi Muscat alifunga mkahawa mwezi mzima, na alipofungua alikuwa mtu mwingine. Kabla ya mechi aliwakaribisha wageni kama zamani, lakini mchezo ukimalizika hakuweka kitu mezani. Alisimama mlangoni na birika, akawamiminia chai hapohapo, wima.

"Kunyweni mwende," akisema. "Njia ndefu hiyo. Haya, haya, kunyweni mwende."

Watu wa Ibri walidhani ana mgonjwa nyumbani. Watu wa Nizwa walisema amekuwa bakhili. Mara moja mzee wa Suhar aliomba sahani ya maharage kwa sababu ana sukari na hakula tangu mchana, na Sleyum akamfungia chakula katika mfuko, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamfungia mlango mwenyewe. Mzee aliona amefukuzwa. Wageni wakaanza kwenda Ruwi, kwenye mikahawa ya karibu na kituo cha mabasi, ambako hakuna aliyewajua lakini hakuna aliyewaharakisha.

Mahfoudha alijaribu kusema naye. "Watu wanaona unawatoa."

"Nawapeleka kwao," Sleyum alimjibu.

"Kwao watafika wakijaaliwa. Wewe si dereva wao."

Akawa hata nyumbani hataki mgeni akae baada ya magharibi. Ndugu zake Mahfoudha walipokuja kutoka Seeb aliwatazama viatu vyao tangu wanavivua, akitaka wavivae tena.

Mwaka 2001 Jaifar alikuja. Alikuwa anachechemea, haendeshi tena gari, na alikuja na vijana wanne wa Sur siku ya mechi. Aliagiza chai, akamngoja Sleyum akae naye.

"Ami, nnataka kukwambia neno, usikasirike," alisema. "Watu wetu hawaji hapa kwa sababu unawafukuza. Mimi kaka yangu alikuwa hapa, anacheka, anacheza. Kwetu tukimkumbuka twasema, alhamdulillah, saa yake ya mwisho alikuwa na furaha kwa Ami Sleyum. Wewe ukitufukuza hapa, hiyo nayo unatunyang'anya."

Sleyum aliinamisha kichwa. "Mnataka nini, mwanangu?"

"Tunataka kula. Kama zamani. Tukitoka uwanjani tunakuja kula."

Sleyum akapiga simu nyumbani. Mahfoudha alifurahi kiasi cha kulia, akapika pilau, akachoma mishkaki, akaja nayo mwenyewe kwa gari ya Nasriya. Wageni walipotoka uwanjani walikuta meza zimepangwa. Safari hii walikuwa wametoka sare, lakini walikuja na ngoma, na Jaifar akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, alipokuwa akikaa Salem. Kwa muda kidogo mambo yakawa mazuri. Sleyum alizunguka na sinia, akasikiliza goli lilivyoingia, akacheka. Mahfoudha alimwona anacheka, akarudi jikoni kupakua zaidi.

Kisha ikaadhiniwa isha. Sleyum aliswali pamoja nao, na aliporudi hakukaa. Alitazama nje, kiza kimeshaingia. Akatazama meza. Wengine walikuwa bado wanakula, kijana mmoja ndio kwanza ameanza sahani ya pili. Sleyum alimwendea, akashika sahani yake.

"Imetosha," alisema.

Kijana akadhani anamtania, akaivuta sahani kwake. Sleyum akaivuta tena, wali ukamwagika juu ya meza. Akaiacha hiyo, akachukua ya pili, na ya tatu, moja juu ya nyengine, nyama zinaanguka chini, na huku anasema kwa sauti ambayo mkewe hajapata kuisikia, "Nendeni. Nendeni kwenu. Nendeni, nakuombeni."

Ngoma zilinyamaza. Jaifar alinyanyuka kwa shida, akamshika mikono yote miwili mpaka sahani zikawekwa chini.

"Tunakwenda, ami," alisema. "Tunakwenda sasa hivi."

Wakaondoka kimya, mmoja mmoja. Sleyum alikaa chini, mgongo ukutani, kanzu imeingia mafuta. Mahfoudha aliokota wali kwa viganja vyake, hakuita mpishi kumsaidia. Asubuhi yake Sleyum alimlipa mpishi haki zake zote, akamtafutia kazi kwa mtu mwengine, na mkahawa haukufunguliwa tena. Baadaye pale paliuzwa matairi.

Walijenga nyumba Al Amerat, ng'ambo ya milima, wakahamia huko. Sleyum alipanda ndimu na mwarobaini, akawa haendi mjini ila kwa daktari. Jaifar alikuwa akimpigia simu siku za Idi, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi: afya, mvua, watoto. Bi Kheiria alifariki mwaka 2005. Sleyum alikwenda mazikoni, akarudi siku hiyohiyo jua lingaliko juu.

Mwezi wa Januari 2009 mashindano ya Ghuba yalichezwa Muscat. Mji ulijaa wageni kutoka kila upande, Waemirati, Wakuwaiti, Wasaudi, na mashabiki wa mikoani walilala katika magari yao kwa kukosa vyumba. Oman iliposhinda fainali, nchi nzima ilitoka barabarani. Nasriya, mumewe na watoto wao walikuwa uwanjani. Mahfoudha alikaa mbele ya televisheni analia na kucheka pamoja, anamwita mumewe aje atazame.

Sleyum alikuwa nje, amekaa kwenye kiti karibu na geti, simu mkononi. Magari yalikuwa yakiteremka barabara ya mlimani, honi zinalia, bendera zimetandazwa juu ya boneti. Alimpigia Nasriya, hakupokea. Akapiga tena. Mahfoudha akatoka, akamwekea shali mabegani.

"Wanasherehekea," alisema. "Hawasikii simu."

"Watakaa mpaka saa ngapi?"

"Watakaa wanavyotaka, baba Nasriya. Leo siku yao."

Alipiga tena na tena. Mwisho Nasriya akapokea, kelele nyuma yake kama bahari. Alipiga ukelele, "Baba, tumeshinda! Umeona?"

"Nimeona," alisema Sleyum, ambaye hakuona kitu. "Mko wapi? Nani anaendesha?"

Nasriya alimwambia wanakuja, asiwe na wasiwasi, wanakuja polepole. Sleyum akaiweka simu mapajani. Mahfoudha alimletea chai, ikapoa. Gari ya Nasriya ilipoingia, watoto wamepakwa rangi za bendera usoni na wamelala, Sleyum alinyanyuka, akahesabu vichwa kupitia kioo, akaenda ndani kulala bila ya kuuliza mchezo ulikuwaje.