Mpini wa Mkono wa Kushoto

Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Wenzake humwita Kobe, kwa sababu kazi ya nusu siku yeye huikalia wiki nzima. Aliyemvumilia ni rafiki yake wa tangu utotoni, askari wa misitu, mtu wa maneno mengi na mkono wa kushoto. Visu vya dukani havikumkaa mkononi, maana msumeno ulishamkata ncha ya kidole cha kati. Akamwomba Kobe amtengenezee kisu cha porini. Kobe akampa donge la udongo alibane kama anayeshika kisu, vidole vikazama.

"Haya, Kobe. Nisije nikastaafu sijakiona."

Hakustaafu. Pikipiki yake iliteleza kwenye tope, akafia palepale.

Msibani mume wangu alibeba jeneza, akapanga viti, akala alichopewa. Macho makavu. Mjane hakuweza kujizuia.

"Shemeji, hata chozi? Mume wangu alikuwa nani kwako?"

"Sijui, shemeji. Sisikii kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilijua hasemi uongo, kwani hata nyumbani alikuwa hivyohivyo: chai inapoa mbele yake, ukimuuliza atakula nini anajibu ndiyo.

Siku moja mjane alikuja karakanani kwetu. "Kile kisu kimalize. Nataka nibaki na kitu chake." Alisema bila kumtazama.

Kobe akakata springi ya gari kuukuu, akaichonga kwa tupa, akaipasha moto mpaka sumaku ikaacha kuinasa, dalili kwamba chuma kimeiva, akaizamisha kwenye mafuta ili iwe ngumu. Halafu, ili isivunjike upesi, akaipasha tena taratibu ndani ya oveni ninayookea keki za kuuza, na keki zangu zikanuka gereji. Nilifoka mpaka nikachoka mwenyewe. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Mpini aliuchonga kwa kufuata lile donge, ambalo sasa lilikuwa limekauka. Kila shimo la kidole alilipima kwa uzi. Hakuushika mpini ule kiganjani hata mara moja.

Mjane alipokuja kukichukua kisu, alikishika kwa mkono wa kulia. Mpini ukamkataa.

"Mbona kimekaa vibaya?"

"Si cha mkono huo, shemeji. Ngoja nikuonyeshe."

Kobe akakishika kwa mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kikaingia vizuri. Cha kati kikafika njiani, kikagota. Shimo liliishia pale kidole cha rafiki yake kilipoishia. Akakisukuma tena, kikagota tena.

"Ni yeye," akasema. "Huu ni mkono wake."

Akakaa chini kwenye vumbi la chuma, kisu mkononi, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe. Niliogopa, halafu nikashukuru.

Mjane akakaa chini kando yake, na nguo zake nyeusi.

"Lia, shemeji," akamwambia. "Nilikuwa nalia peke yangu."